Gunia Mbili kwa Ekari

Waliohudhuria Jumamosi ile, tarehe ishirini Agosti 2005, katika chumba cha kompyuta cha kituo cha walimu mjini Sumbawanga, walikuwa hawa: Mzee Romani, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima cha kijiji cha Mpui; Coleta, shemeji yake na katibu wa kikundi; Mboje, mfugaji aliyehamia Mpui kutoka Shinyanga; wanakikundi wengine kumi na wanane; na Mwalimu Shedrack, mwenye ufunguo wa chumba. Mtoa mhadhara, Daktari Hellena, alikuwa chuoni Dar es Salaam. Sauti yake ndiyo ingewafikia, kwa njia ya mtandao.

Romani alikaa mstari wa mbele, koti limefungwa vifungo vyote. Chuo kilikuwa kimewaalika kusikia matokeo ya utafiti uliofanyika kwao, na yeye aliuchukua mwaliko ule kama heshima yake binafsi.

"Shikamooni, wazazi wangu wa Mpui," kompyuta ikasema.

"Marahaba!" wakaitika kwa pamoja.

"Hawasikii huko," Mwalimu Shedrack akawaeleza kwa upole. "Mwenye swali ataniambia, nami nitaliandika na kulituma."

"Hata kama hasikii," Coleta akasema, "binti kala ugali wangu wa ulezi miezi miwili. Salamu yake siiachi hewani."

Wakacheka. Kwenye kioo ikatokea picha ya ntumba, vile vilima vya udongo ambamo Wafipa hufukia nyasi zioze, kisha huvitawanya msimu unaofuata na kupanda mahindi. Romani alilitambua shamba lake mwenyewe. Akamgusa Mboje kwa kiwiko.

"Tulipima kaya thelathini na mbili," Hellena akaendelea. "Shamba la ntumba linatoa wastani wa gunia mbili za mahindi kwa ekari."

Kicheko kilikatika.

Gunia mbili. Maneno yale yalikuwa yake. Mwaka 2002, Hellena alipoanza kupita nyumba kwa nyumba na fomu zake, mgambo walikuwa bado wakiwakimbiza watu alfajiri kwa ajili ya kodi ya maendeleo. Romani alikiita kikundi kando ya mto akatoa agizo: anayeuliza mavuno ni mtu wa kodi, hata akiwa na adabu namna gani, kila nyumba iseme mbili. Nao wakasema mbili, nyumba zote, huku wakivuna kumi na moja. Mwaka uliofuata kodi ikafutwa, na hakuna aliyekumbuka kumrudia yule binti na ukweli.

"Kwa uchumi wa mkoa," sauti ikasema, "kilimo hiki hakina tija. Tumependekeza ekari elfu mbili za nyasi za Mpui akodishwe mwekezaji mmoja alime ngano. Halmashauri imeipokea taarifa yetu, na itaamua mwezi ujao. Namshukuru kwa moyo wote baba yangu, Mwenyekiti Romani, aliyehakikisha kila kaya inanijibu."

Mama mmoja wa nyuma alijishika kichwa kwa mikono miwili. Romani alitazama picha ya shamba lake kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua.

"Ekari elfu mbili," Mboje akanong'ona. "Hizo ni nyasi zote. Nami nilimwambia nina ng'ombe wanne."

"Wanne!" Coleta akamgeukia. "Wale themanini wanaonikanyagia maharage ni wa nani, wa padre?" Kisha akamwelekea Romani, na mzaha ukamtoka usoni. "Shemeji, tumejiuza kwa midomo yetu wenyewe."

"Tuseme alikosea kuandika," sauti ikatoka nyuma. "Yeye ni mmoja, sisi ni wengi."

Wengi wakaafiki kwa haraka. Romani akaona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi. Hellena angeitwa mzembe mbele ya wakubwa wake, na yeye angebaki mwenyekiti mwenye koti lake.

"Dakika tano za maswali," Mwalimu Shedrack akasema, vidole vikiwa juu ya vitufe. "Mzee Romani, niandike nini?"

Romani akasimama. Hakuitazama kompyuta; aliwageukia watu wake.

"Binti hakukosea. Aliandika tulichosema, na tulisema nilichoagiza. Mwalimu, andika hivyo, na jina langu liwe juu." Akavuta pumzi. "Tena andika kwamba mahindi ya msimu huu bado yamo ghalani. Jumatatu nakwenda halmashauri kumleta afisa kilimo. Ghala langu litafunguliwa la kwanza, lipimwe gunia kwa gunia mbele ya kijiji kizima, kisha yenu yote thelathini na moja yafuate. Na wewe, Mboje, utawatoa ng'ombe wako wote zizini wahesabiwe."