Nanga ya Upande wa Kulia

Meli ile haikuwa na haya. Ilipanda nchi kavu bila kubisha hodi, ikaruka ukuta wa bandari, ikavuka barabara, ikaja kulala juu ya nyumba za watu. Na waliosalia wakaizoea! Wakaanika nguo ubavuni mwake, wakauza mkaa kivulini mwake. Ukitaka kumwelekeza mgeni ulimwambia ashukie kwenye meli, na watoto waliozaliwa baadaye walidhani kila mtaa duniani una meli yake. Binadamu sisi tuna mambo. Hata kilichotuua tunakianikia shuka.

Kimbunga chenyewe kilikuwa kimekula pwani yote. Vyombo vilivyowahi kukimbilia bahari kuu vilipona. Vilivyobaki bandarini viligongana kama masufuria ndani ya karai, vingine vikazama na mabaharia wake, na kimoja, hicho ninachowaambia, kikaja mtaani.

Pua yake ilitua kwenye nyumba ya fundi mmoja wa kukata na kuchomelea vyuma. Usiku ule fundi alikuwa karakana, bosi wake amewabakiza mafundi wafunge mabati yasipeperuke. Binti yake alikuwa amelala kwa shangazi yake kilimani, ndiyo ikawa pona yake. Mke alikuwa chumbani. Asubuhi bahari iliporudi kwao, imetulia kama haijamgusa mtu, fundi alikuta mchanga, mabati, vifusi, na juu ya vyote meli imeinamisha kichwa, imekizika chumba chake pamoja na pua yake yenyewe ndani ya mchanga. Wakubwa wakaja, wakatazama, wakasema hapa hapachimbiki. Watu wakamwombea marehemu wakiwa wamekielekea chuma, wakatawanyika.

Nahodha alikuja msibani siku iliyofuata. Alikuja peke yake, kwa miguu, kofia mkononi. Vijana walikuwa wameshaokota mawe. Akapita katikati yao mpaka mbele ya fundi.

"Ndugu yangu," akasema, "nilishusha nanga zote mbili. Ya kushoto mnyororo ukakatika. Ya kulia nayo ikakatika. Nilibaki usukani mpaka meli inagusa nchi. Ningekuwa na ya tatu ningeishusha. Sasa nifanyeni mtakavyo."

Fundi akawageukia wenye mawe. "Mwacheni. Huyu amepambana."

Neno hilo lilimwokoa nahodha, tena likampa makazi. Hakurudi baharini. Alipanga chumba mtaa ule ule, watoto wake wakabaki kwao, na kila jioni yeye na fundi walikaa kivulini mwa meli wakicheza drafti kwa vizibo vya soda, wakitukanana kirafiki. Binti wa fundi alikua akimwita Baba Mkubwa. Alipoolewa na kujifungua mtoto wa kiume, akampa jina la nahodha, na mzee akalia machozi mbele za watu. Wapo waliomchokoza fundi: wewe, huyo si ndiye aliyekufanya mgane? Fundi aliwajibu jibu moja siku zote, kwamba aliyemfanya mgane ni upepo, huyu alipambana. Wakasema fundi ni mjinga. Wengine wakasema ni malaika. Mimi nasema alikuwa mtu anayetaka kupata usingizi, na usingizi wake ulining'inia kwenye nanga mbili.

Miaka ikaenda, nywele zikawa nyeupe, na meli ikauzwa kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu. Fundi aliiomba kazi ya kuikata kabla haijatangazwa. Alichotaka ni kimoja tu, kufika chini ya ile pua, aokote kilichobaki cha mkewe, akizike mahali penye udongo na jina. Basi akawasha tochi yake ya gesi akaanzia nyuma, bati kwa bati, nguzo kwa nguzo. Nahodha alikuwa akija kumtazama, kiti chake mkononi, akimkosoa kama wazee wanavyokosoana. "Fundi, hapo umekata kama unakata mkate." Na fundi alikuwa akimjibu, "Wewe uliyeiegesha sebuleni kwangu, nyamaza." Wanacheka.

Lakini kadiri tochi ilivyoikaribia pua, nahodha alianza visingizio. Leo mguu, kesho vumbi. Siku moja akasema, "Hicho kichwa kiacheni bwana, kiwe kumbukumbu. Nitaongea mwenyewe na tajiri."

"Mke wangu yuko chini yake," fundi akamwambia.

"Najua. Ndiyo maana nasema asisumbuliwe."

Fundi aliona rafiki yake anamwonea huruma, akamshika bega, akaendelea na kazi.

Wachimbaji waliondoa mchanga kuizunguka pua mpaka ikabaki kichwa kitupu juu ya shimo, kimeshikiliwa na magogo, na ndani ya shimo, kati ya vifusi, ikaonekana sakafu nyekundu ya chumba cha fundi, ile aliyokuwa akiisugua mkewe mpaka unaona meno yako. Fundi alikuwa amepiga magoti pale, hajui aanzie wapi, mchimbaji mmoja alipomwita. "Mzee, hebu ona huku juu."

Akainua macho. Upande wa kulia wa meli, ndani ya tundu lake, nanga ilikuwa imetulia, mikono yake imeukumbatia ubavu kama haijawahi kuambiwa itoke.

Wazo lake la kwanza lilikuwa la kipumbavu, na tumsamehe. Alidhani ni ya akiba. Akapanda kwenye sitaha ya mbele, iliyokuwa imechimbuliwa mchangani siku hiyo hiyo. Mnyororo ulikuwa mzima, umetulia kwenye gurudumu lake. Ulimi wa chuma ulikuwa umeubana, na katikati ya ulimi palikuwa na pini iliyouzuia usifunguke. Chombo chochote cha aina ile, ukitaka nanga ishuke, unaipiga pini hiyo kwa nyundo. Fundi aliipangusa mchanga kwa kiganja. Rangi ya buluu ilikuwa juu yake bado, nzima, haina mkwaruzo. Chuma kikipigwa kinabaki na alama. Hiki hakikuwa kimeguswa.

Alimtuma mtu amlete nahodha. Mzee akaja na fimbo yake, akapandishwa pole pole kwenye ubao, na kabla hajaulizwa neno akasema, "Ilikwama."

Fundi akaigusa pini kwa kidole.

"Niliipiga ile pini, fundi. Niliipiga mpaka nyundo ikaniponyoka. Ilikwama."

"Uliniambia mnyororo ulikatika."

"Mambo ya zamani, mtu anachanganya."

"Njoo unionyeshe ulipopiga."

Nahodha hakusogea. Wakati huo binti wa fundi alikuwa amefika na chakula cha mchana, amemshika mwanawe mkono. Alisimama ukingoni mwa shimo akiwatazama wazee wawili. "Baba, kuna nini? Baba Mkubwa, mbona umepandishwa huko juu?"

"Mwambie," fundi akasema. "Mimi sitakusemea."

Nahodha alitazama miguu yake. Sauti ilimtoka ndogo. "Tulikuwa tumeshashuka. Tangu mchana. Tulishusha ya kushoto, nikasema itashika, kisha mabaharia wakaanza kugombania mashua. Nikaingia nao. Usiku nilikuwa ofisi ya bandari, madirisha yamepigiliwa mbao. Nikasikia kishindo. Sikujua ni meli yangu. Nilikuwa na watoto, fundi."

"Mimi nilikuwa na mke."

Akawaamuru wachimbaji watoke shimoni na binti yake arudi nyuma. Akawasha tochi. Aliupasha moto ule ulimi kuizunguka pini, kwa utulivu, kama anavyomfanyia mteja mwingine yeyote. Rangi ilitoa mapovu na harufu mbaya, kutu ikapasuka vipande vipande. Kisha akazima gesi, akaokota nyundo, akamwekea nahodha mkononi.

"Piga."

"Fundi, nakuomba. Nimekaa nawe maisha yote. Mtoto ana jina langu."

"Ndiyo nasema piga. Wenye jina lako waone."

Mzee aliinua nyundo kwa mikono miwili, akapiga. Haikuwa na nguvu yoyote, ilikuwa nyundo ya mtu anayelia. Pini ikaruka. Mnyororo ukanguruma, nanga ikatoka tunduni mwake na kwenda chini kwa uzito wake wote, ikaipasua sakafu nyekundu kutoka ukuta hadi ukuta. Vumbi likapanda.

Binti alitaka kuondoka. Alifungua mdomo amwite mwanawe, ambaye alikuwa amesogea ukingoni kuitazama nanga, lakini hakuweza kulitamka lile jina. Akamvuta mkono bila kusema, wakaenda zao, chakula kikabaki kwenye mchanga.

Nahodha alikuwa bado ameshika nyundo. Fundi akaichukua, akaigeuzageuza kama mtu anayekadiria uzito wake.

"Pigo moja," akasema. "Tena la mzee asiye na nguvu. Na mimi miaka yote hii nilikuwa nikikuonea huruma."

Kisha akashuka shimoni kumtafuta mkewe kati ya vipande vya sakafu.