Dole Langu Chini ya Karatasi

Jumatano, tarehe 14 Juni 2023, saa nne asubuhi, gari ya mkubwa mmoja ilimgonga mke wangu Mwanabaraka kando ya njia, kijijini kwetu Wawi. Saa saba nilikuwa kituoni naomba maiti, nimzike kabla ya magharibi. Askari Shaame alikuwa anakula pweza. Akanisukumia karatasi tupu, kwa vidole vile vile vya mafuta akanikamata mkono, akalikandamiza dole gumba langu kwenye kibati cha wino. Mie nilifika darasa la tano, jina langu naliandika. Hakuniuliza.

"Tia hapa, mzee. Ya kupewa maiti."

"Mbona haina maneno?"

"Maneno yatakuja. Wataka kuzika au wataka kusoma?"

Nikatia. Wino ule nilikwenda nao mpaka kaburini.

Mwanangu Shamima akaenda chuo, Dar, kusomea uchunguzi wa jinai. Nilimkemea: mtoto wa kike na damu za watu! Akasema, "Baba, mie namsomea mama."

Likizo ya mwaka wake wa pili tukaenda kuuliza kesi imefika wapi. Mkuu wa kituo, tumbo limetangulia mezani, akalifungua faili huku akichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. Karatasi ile sasa imejaa: mimi mume wa marehemu nakiri mke wangu aliingia njiani ghafla, sitaki uchunguzi, nimesamehe. Chini yake, dole.

"Mzee, samaha yako mwenyewe ushaisahau?"

Shamima akatoa lenzi mkobani, akalishika dole langu, akatazama huku, akatazama kule. Nikamwomba Mungu mwanangu aseme si langu.

"Ni lako, baba."

Nililiona dole lile kama kitu kilichookotwa chooni.

"Lakini tazama mkia wa herufi hii," akasema. "Kalamu imepita juu ya wino wa dole. Dole lilitangulia. Maneno yameandikwa baadaye."

Mkuu akalifunga faili. "Chuo gani hicho chafundisha watoto kutukana wakubwa?"

"Sijatukana, afande. Nauliza hii hati ya mkono wa nani."

"Upo mwaka wa ngapi?"

"Wa pili."

"Basi maliza wa tatu ndo uje." Akapiga mbweu, harufu ikatufika. Shaame, mlangoni, akakaza macho ukutani.

Nimerudi mara nne. Askari hunipa kiti, hunambia Mungu ndiye mwenye kujua. Mungu ajua, wala sibishi. Nawauliza wao: nani aliyeniandikia kuwa nimesamehe?