Chaki Ndani ya Boneti

Jirani mwenye lori ndiye aliyelivuta gari kwa kamba mpaka kwenye uwanja wa gereji. Alipomaliza kufungua kamba aliondoka upesi, maana alishauona uso wa Dereva na hakutaka kesho aitwe shahidi.

Kwa kawaida huyu dereva wa teksi ni mtu wa kucheka. Abiria wakimpunja nauli anacheka, na hata akipigwa faini anacheka, ila kwanza asubiri afike nyumbani. Asubuhi ile alikuwa ametoka na maneno ya mkewe kichwani: "Usirudi bila hela yetu. Na usirudi mpaka akubali kwa mdomo wake." Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno marefu kuliko yote aliyoyasema mkewe tangu mazishi. Siku tisa mwanamke hali, halali, amekaa kwenye kigoda cha jikoni anautazama ukuta, na ukimuuliza lolote jibu ni moja: "Yule fundi ndiye aliyeninyima mama yangu."

Fundi mwenyewe alikuwa chini ya gari jingine, inaonekana miguu tu. Watu wanamwita Chaki. Mke wa Dereva, ambaye hajawahi kukanyaga gereji, siku zote alidhani mtu huyo aliwahi kuwa mwalimu. Kumbe ni kwamba Chaki haamini karatasi. Karatasi inapotea, halafu mteja anaapa hakuambiwa kitu. Basi kila kazi anaiandika kwa chaki nyeupe upande wa ndani wa boneti: kilichofanyika, kilichobaki, na lini urudi. Ukichukua gari lako kwa Chaki unafungua boneti kwanza, unasoma, ndipo unaondoka. Miaka thelathini anafanya hivyo, na wateja wameshazoea.

"Toka huko chini!" Dereva alisema. "Toka tuongee kama watu wazima."

Fundi akajiburuta, akaketi chini palepale, mikono imejaa grisi. "Kaka, nilikungoja Jumamosi kutwa nzima. Halafu nikasikia msiba. Poleni sana, mwambie shemeji..."

"Pole yako kaa nayo. Nataka ile nusu niliyokulipa, na nusu iliyobaki usiiote hata usingizini."

Kwenye benchi kulikuwa na mteja mwenye mkoba wa ngozi, anasubiri gari lake. Akakunja gazeti. Mambo ya bure haya hayapatikani kila siku.

Dereva akayamwaga yote. Kwamba alilipa gasketi mpya ya silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Kwamba mama mkwe, anayekaa mbali, mwendo wa saa mbili, alipiga simu akamwambia binti yake, njooni Jumamosi mnichukue, nataka kukaa kwako siku zangu hizi za mwisho. Kwamba katikati ya safari, kwenye mlima, injini ilichemka ikazima, maji yakamwagika yote barabarani. Walikaa pale kando ya njia tangu asubuhi hadi alasiri, mkewe akipungia kila gari mkono mpaka mkono ukachoka. Walipopata msaada na kufika, mama alikuwa ameshakata roho. Mwili ulikuwa bado una joto.

"Bado una joto, Chaki," alisema. "Mke wangu alimshika miguu akasema, mbona hajapoa, mwamsheni."

Fundi alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema polepole, "Kaka, kwani ulisafiri nalo kabla sijakaza?"

"Kukaza nini?"

"Boliti za hedi. Ukifunga gasketi mpya, gari linatembea kidogo, linapata moto, halafu linarudi boliti zikazwe tena, la sivyo maji yanavuja. Ndiyo maana nilichukua nusu tu. Nusu nyingine naichukuaga siku ya kukaza."

Dereva alikuwa amedhani ile nusu ni hisani ya urafiki. Kwa Chaki alizoea kuja kwa mambo madogomadogo, breki na plagi, na Alhamisi alipokuja kuchukua gari fundi alikuwa ametoka kununua vipuri, funguo zikiwa kwa muuza duka jirani kama siku zote, Dereva akaondoka bila kufungua boneti. Lakini hapo hapo hasira zikampanda upya, kwa kuwa sasa alijua amemkamata.

"Hukuniambia! Na wala hukuandika! Jumamosi alfajiri nilifungua boneti nikaangalia maji. Safi. Hamna hata herufi moja!"

"Niliandika."

"Huku-a-ndi-ka!"

"Naapa niliandika. Kwa herufi kubwa, nikapigia na mstari." Fundi alisimama, akaenda kwenye gari, akainua boneti. Wote wawili wakainama. Bati lilikuwa linang'aa, rangi yake ya bluu imetoka vizuri kuliko ya nje. Dereva alitaka kucheka kwa uchungu. Ndipo fundi alipoweka kidole kwenye kona, karibu na bawaba, pale kwenye mkunjo ambapo kitambaa hakifiki. Kulikuwa na weupe. Kipande cha mstari, na juu yake herufi tatu za mwisho: AZE.

"Usiende mbali, rudi Jumamosi nikaze," fundi alisoma kile ambacho hakikuwepo tena. "Nani kaosha humu? Mtu gani anaosha ndani ya boneti?"

Dereva alikuwa ameshika ukingo wa gari kwa mikono miwili, amekumbuka Ijumaa.

Ijumaa mkewe alitoka na ndoo mbili na sabuni, akaanza na viti, akaja milango, akaja matairi. Mama yake alikuwa amefanya usafi katika shule miaka yote ya kazi yake na alikuwa na pua kali. Hapandi gari chafu hata awe anakimbizwa. "Nifungulie na huku mbele," mkewe alimwambia. Dereva alivuta kishikio akiwa ndani ya gari, akamwambia mama hataangalia injini. "Wewe humjui mama yangu," mkewe akajibu, "atasema fungua nione." Alisugua huku anaimba, akatoka na masizi puani, na Dereva alimcheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile hajamsikia akiimba.

"Ni shemeji?" fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

Dereva akatikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujali nani anamwona. "Hajui," alisema. "Chaki, hajui. Akijua atakufa. Kinachomshikilia mpaka leo ni kwamba anakuchukia wewe."

Fundi ndiye aliyeelewa kwanza linaloombwa, na uso wake ukabadilika.

"Kaka, jina langu ndilo duka langu. Umekuja kunitukana mbele ya mteja, sasa unataka na mimi nijitukane?"

"Najua."

"Miaka thelathini."

"Najua, ndugu yangu."

Fundi alitazama lile neno lililobaki. Alikuwa na haki ya kuliacha pale, hata kuita mtaa mzima uje kulisoma, na Dereva asingemlaumu. "Mama alikuwa anamuulizia shemeji?" aliuliza.

"Majirani wanasema aliita jina lake mpaka mwisho."

Fundi akatoa kitambaa mfukoni, akakichovya kwenye kopo la petroli, akakiingiza kwenye mkunjo kwa ncha ya bisibisi. Akasugua mpaka pakawa bluu tupu. Kisha akasema kwa nguvu, huku ameugeukia upande wa benchi, "Basi ni kweli! Kosa langu! Nilisahau, na hela yako nakurudishia!"

Mteja mwenye mkoba aliinuka, akatazama gari lake, akachukua funguo mezani akaondoka nalo bila kuuliza lilikuwa limefikia wapi. Fundi alimwangalia mpaka akaishia kona. Halafu akahesabu noti, Dereva akakataa, wakasukumana mikono. "Chukua," fundi alisema. "Shemeji hawezi kuamini mikono mitupu. Utanilipa taratibu."

Nyumbani, mkewe alikuwa palepale kwenye kigoda. Dereva akamwekea noti mapajani.

"Amekubali?"

"Amekubali. Kwa mdomo wake, mbele ya mtu."

Mkewe alizishika zile noti, na mara akaanza kulia, kilio kikubwa cha kutoka tumboni, cha kwanza tangu mazishi. Dereva alipiga magoti akamshika mabega, akasikia mwili wake mwenyewe unalegea kwa shukrani. Angenyamaza hapo. Lakini mtu akitua mzigo ulimi nao unalegea, na alitaka uongo wake ukae imara, aupigilie msumari mmoja zaidi.

"Anasema alisahau kuandika," aliongeza. "Si unajua ndiyo maana wanamwita Chaki. Kila kazi anaiandika kwa chaki ndani ya boneti. Safari hii tu ndiyo alisahau."

Kilio kikakoma.

"Wapi?" mkewe aliuliza.

Dereva akamshika mabega kwa nguvu zaidi. "Mahali fulani tu. Acha, mke wangu, yamekwisha."

"Umesema ndani ya boneti."

Alizitua zile noti sakafuni, moja moja. Aliigeuza mikono yake, akaitazama viganja, halafu kucha.

"Kulikuwa na maandishi meupe," alisema. "Sikuyasoma. Nilijua ni uchafu wa gereji, nikasema mama asije akaona gari limechorwachorwa." Akainua macho, na mlikuwa na tumaini dogo ndani yake, la mtu anayeomba adanganywe vizuri. "Yalikuwa yanasemaje?"

Dereva alifungua mdomo. Uongo wa kwanza alikuwa ameununua kwa jina la mtu mwingine. Wa pili hakuwa nao. Aliishika ile mikono miwili, akaificha kifuani mwake, na kwa kuwa hakusema kitu, mkewe akajua.