Koni Ndogo Pembeni mwa Karatasi

Bomba la chuma lilimpata Milimita mdomoni. Jino likadondoka juu ya meza ya vipimo, likaviringika mpaka kwenye rula, likatulia hapo.

"Sema! Nani alikutuma umuue mdogo wangu?"

Aliyeuliza ni kaka yake Kifaru, yule mchomea vyuma wa hapo karakanani aliyelazwa hospitali tangu juzi, mguu mmoja haupo. Alikuja na wenzake wawili, mapande ya watu, na mafundi wa karakana nzima walikuwa wamejibandika ukutani kama matangazo.

"Kaka, nilikata kama mchoro ulivyosema," Milimita akajibu, damu ikimchuruzika kidevuni. "Pima mwenyewe. Sijapitiliza hata..."

Teke la tumbo likamkata kauli.

Ghorofani, nyuma ya kioo cha chumba cha michoro, Mama Rula aliona yote. Miaka kumi na tisa amechora humo. Hapakuwa na kipande cha chuma ambacho hakikupita mikononi mwake, wala ndoa ya mtaani ambayo haikupita mdomoni mwake. Ukitaka kujua nani kamwacha nani, unapanda ngazi na kikombe chako cha chai, unapokewa kwa kicheko. Leo alikuwa peke yake na mchoro wa kizuizi.

Kizuizi chenyewe kilikuwa kipande mfano wa kabari, cha kufungwa mwisho wa boriti ili kigari cha winchi kisianguke. Uso wima utazame kigari, mteremko ukae nyuma. Kilichofungwa kilikuwa kinyume, na matundu yake ya bolti hayakukiruhusu kukaa vingine. Kigari kikakuta mteremko, kikaupanda kama mgeni aliyefunguliwa mlango, kikamwangukia Kifaru pamoja na injini kiliyoibeba.

Vipimo vyote vilikuwa sahihi. Mishale, tarakimu, vyote. Ila Mama Rula alifundishwa kwamba ukikitazama kitu kutoka kushoto, unachokiona unakichora kulia. Milimita alijifunzia kwingine, ambako ubavu wa kulia huchorwa kulia; kwa macho yake, kipande kiligeuka. Wote wawili wako sawa, na ndiyo maana pembeni mwa kila karatasi huwekwa koni ndogo iliyokatwa ncha, na duara ndani ya duara kando yake, ili fundi ajue asome vipi. Kwenye karatasi hii, pembeni palikuwa peupe.

Na Milimita aliuliza. Alipanda ngazi, kofia mkononi, akasema, "Mama, sioni koni." Chumba kilikuwa kimejaa, habari ya karani na mke wake wa pili imefika patamu. "Kata tu, baba, usinikatize!" Watu wakaangua kicheko. Akashuka.

Mama Rula akafungua kalamu ya wino. Dakika moja tu, koni ingekuwepo, na neno la Milimita lingekosa pa kusimama. Akaweka nukta ya kwanza.

Chini, kitu kikalia kama ukuni mkavu unaovunjika. Milimita akapiga yowe.

Mama Rula hakujua alishukaje ngazi.

"Mwacheni! Mwacheni baba wa watu!"

"Mama, kaa pembeni, utaumia bure."

"Si bure. Kosa ni langu." Akaitandaza karatasi mezani, akaishikilia kwa kiganja cha kulia. "Hapa palitakiwa alama. Sikuiweka."

"Alama gani?"

"Ndogo tu. Kama kucha."

Kaka mtu akamtazama. "Mguu wa mdogo wangu umekwenda kwa kitu kama kucha?"

"Na huyu alikuja kuniuliza." Akamwonyesha Milimita kwa kidevu. "Nilikuwa nacheka."

Bomba likashuka juu ya kile kiganja.

Mama Rula alifungua mdomo, pumzi ikagoma. Vidole viwili vilikuwa vimelala upande usio wao, na damu ikaanza kulowesha mchoro, ikifuata mistari.

"Nionyeshe," kaka mtu akasema. Alikuwa analia, bomba kalinyanyua tena. "Ichore, niione. Nikamwambie mdogo wangu ilikuwaje."

Milimita, mkono mmoja ukimning'inia, akajiburuza mpaka mezani. Akatema damu kando, asichafue karatasi. Akatoa penseli nyuma ya sikio lake, akaitia katika mkono wa kushoto wa mama, kisha akaegemeza kiwiko kwenye ukingo wa karatasi isiteleze.

"Taratibu, mama," akanong'ona.

Koni ikatoka. Duara la kwanza likatoka limepinda kama yai. Bomba lilikuwa bado hewani.

Akaanza la pili.