Siku Majimbo Yalipokuja Kuomba Ng'ombe

Hivi wewe, ukitaka kumpeleka ng'ombe wako akakae kwa mtu, unauliza nini kwanza? Usinijibu haraka. Mimi nimepeleka ng'ombe kwa watu tangu kichwa changu hakina mvi hata moja, na jibu nililijua vizuri, mpaka usiku wa kuamkia leo nilipoota.

Huku kwetu Bashay, Mbulu, mwenye akili haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Ugonjwa ukiingia, wewe utabaki umeshika kamba tupu. Kwa hiyo mmoja unampeleka kwa jirani, mwingine unampeleka kule ng'ambo ya mto. Anayekaa naye anakunywa maziwa, na samadi anaitia kwenye vitunguu saumu vyake. Ndama ni wako. Kabla hujampeleka unakwenda mwenyewe kutazama nyasi, unaonja maji, na mke wa mwenye boma unamwangalia mikono kama ana kucha ndefu, maana kucha na chuchu havipatani. Ng'ombe mwenyewe haulizwi. Angesema nini?

Sasa mjukuu wangu Veneranda anakimbia. Ana miaka kumi na minane na miguu inayoanzia karibu na kwapa. Amekulia kwangu, kitanda chake kiko chumbani mwangu tangu hajajua kuvaa viatu. Mwaka huu alishinda mbio za Arusha, na vilabu vitatu vya Marekani vinamtaka, kila kimoja na jimbo lake. Mwanangu wa mwisho, Safari, ambaye ni baba yake mdogo, ana simu kubwa, na wiki nzima tukimaliza ugali anatulinganishia majimbo kama mtu anayechagua mbegu za mahindi.

Texas, alisema, jimbo halikati kodi kwenye mshahara, na Vene atapewa nyumba nzima peke yake. Florida nayo haikati, atakaa ghorofani, peke yake pia. California inakata, tena kwa mkono mzito, na pango la nyumba huko linatisha mpaka wasichana wa klabu wanalala wanne chumba kimoja. Safari akifika hapo anatikisa kichwa kama ametajiwa msiba.

Mimi nilielewa mara moja. Texas hakamui. Nikasema aende Texas. Vene kila akiulizwa anajibu, "Mtakavyoona," halafu anakwenda kuosha vyombo ambavyo vimeshaoshwa. Jibu lilikuwa litumwe leo asubuhi.

Basi nikalala.

Nimekaa mlangoni nasuka vitunguu saumu. Kibuyu cha maziwa, kile cheusi chenye ufa, kinakohoa pale ukutani, kinasema, "Bibi, wageni. Wameingia na viatu."

Sikushangaa kibuyu kuongea. Nilishangaa kuniita Bibi, maana kwa umri kimenizidi, kilikuwa cha mama mkwe wangu.

Nikainua macho. Majimbo matatu yamekaa kwenye benchi langu. Texas ni mwanaume mrefu, kofia yake inafunika nusu ya uwanja, kuku wamejikinga jua chini yake. Florida ni mzee wa suruali fupi, amemshika mamba kwa kamba kama mtu aliyetoka kununua mbuzi mnadani. California ni mwanamke mwenye meno mengi, na jua lake amekuja nalo, amelipakata ndani ya kikapu. Texas alinipa shikamoo. California akasema, "Mambo." Nikamwitikia marahaba, ajue alichotakiwa kusema.

Vene amefungwa kwenye nguzo ya zizi. Amevaa ile fulana yake ya mbio yenye namba kifuani, ana pembe ndogo nzuri, na anacheua. Mjukuu wako akiwa ng'ombe ndotoni hulii. Unamwangalia kwato kama ni nzima. Zilikuwa nzima.

Safari naye yupo, ila kichwa chake ni simu. "Kwa kulinganisha," kinasema kichwa, halafu kinatafuta mtandao.

Nikaanza na Texas, kwa kuwa nilishampenda. Nikamuuliza maziwa anakunywa kiasi gani.

"Sisi hatugusi maziwa, mama."

"Na nyasi?"

"Nyasi zipo tele. Ila ziko mbali na maji, na maji yako mbali na pa kulala. Itabidi apate gari."

"Ng'ombe aendeshe gari."

"Wote wanaendesha," alisema, na wala hakucheka.

Akavua kofia, akaikung'uta, na nyasi zikamwagika toka ndani yake, zikafunika uwanja, zikapita choo, zikapita shamba la vitunguu la jirani yangu Ombay, zikaenda mpaka macho yakachoka kuzifuata. Nyasi za magotini, kijani, zisizo na kupe. Nilitaka kuzila mwenyewe. Nikamfungua Vene akajaribu. Akaingia, akatembea kidogo, akageuka huku, akageuka kule. Hakuna mtu, hakuna mnyama, hakuna hata inzi. Akalia mlio mmoja mrefu, akarudi nyuma yangu bila kuonja jani.

Nikamwambia Texas labda nyasi zake zina chumvi.

Florida akasema yeye pia hakamui, nimwandike huyo mjukuu hapo hapo. Nikamuuliza kuhusu banda. Akasema banda ni zuri sana, linatazama bahari, shida ni paa, linapenda kuondoka na upepo. Kila mwaka unalilipia bima, na likiwa linaondoka unaendelea kulipa huku unalipungia mkono. Mamba aliongeza kwamba yeye na paa hawahusiani. Nilimwamini, alikuwa na uso wa mtu aliyesingiziwa mengi.

California hakusubiri kuulizwa. Akachota kikombe cha maziwa kwenye kibuyu, akanywa. Kisha akachota kingine.

"Cha pili cha nini?" nikamuuliza.

"Cha kwanza kilikuwa cha maziwa. Hiki ni cha jua."

"Jua hata hapa lipo, mwanangu."

"La kwenu halipigwi picha."

Akatoa leso, akaitandika chini. Nikadhani anataka kukaa. Akasema hicho ndicho chumba. Juu ya ile leso walikuwa wamelala ng'ombe wengine watatu, mmoja mguu wake uko sikioni kwa mwenzake, wanateta kitu na kuchekea puani. Pango la leso ile kwa mwezi, California alinitajia sikioni, na kibuyu kikapata ufa wa pili.

Vene akasogea. Akainusa leso. Wale watatu wakajibana, nafasi ikapatikana pale ambapo hapakuwa na nafasi. Akapiga magoti ya mbele, akalala, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua kuni. Akaanza kucheua.

Nikamchapa na msuko wa vitunguu. "Toka hapo, pana gharama."

Akatoka. Ni ng'ombe msikivu.

Hapo akaingia mzee mnene asiyebisha hodi, akakichukua kibuyu, akanywa kabla ya wote na baada ya wote, akafuta mdomo kwa kanga yangu. Nikauliza huyu ni wa jimbo gani. Majimbo yote matatu yakasimama kwa heshima.

"Huyu ni Serikali Kuu," alisema Florida. "Ni mkwe wetu sote. Ukienda kwa yeyote kati yetu utamkuta ameshafika."

"Nami nilidhani mmemwona tangu mwanzo," kibuyu kikasema, na sauti yake sasa ilikuwa ya kitu kitupu.

Halafu hatupo tena nyumbani, tupo kwenye uwanja wa mbio, na mistari ya njia imechorwa kwa vitunguu saumu. Vene anakimbia kwa kwato nne, na anaongoza. Nikajisikia vizuri. Lakini kila akivuka mstari fulani, mtu mwenye ndoo na kitambaa anamfuata nyuma, anamfuta mgongo na kukamulia ndani ya ndoo. Ndoo imeandikwa California.

Nikamsimamisha. Nikamwambia huyu anakaa Texas, tumeshakubaliana.

"Ni kweli, Bibi, anakaa Texas," alinijibu kwa upole wa mtu wa ofisini. "Lakini mbio za leo ziko kwetu, na jasho limedondoka kwetu. Jasho tunalikata linapodondokea."

Nikamwambia kwamba mimi ninafuga tangu yeye hajazaliwa. Ng'ombe wangu akila mahindi ya mtu, nalipa. Akikanyaga tuta la mtu, nalitengeneza. Lakini amejamba kwenye mashamba ya watu miaka yote hiyo na sijawahi kuandikiwa barua.

Yule mtu akafikiri. Akatoa kalamu, akaandika kitu kwenye kiganja chake. Naogopa nimewapa wazo.

Tukarudi nyumbani bila kutembea. Safari akasema kwamba kwa kulinganisha, kwa kuzingatia yote, ni Texas, na kichwa chake kikaanza kuwaka alama nyekundu ya chaji. Nikasema vema. Nikachukua kamba ya katani, nikamfunga Vene shingoni, fundo la kwetu lile la mara mbili, nikampa Texas mwisho wa kamba. Mambo yameisha. Nikatafuta kibuyu niwape wageni maziwa ya kuagia.

Kibuyu kikasema, "Na mwenye kwato amesemaje?"

"Ng'ombe haulizwi."

"Ndiyo," kikasema. "Hata mimi ningependa kujua ni kwa nini."

Jua likajifunika ndani ya kikapu. Texas akavua tena kofia, kuku wakatawanyika. Hata yule mkwe wao aliacha kufuta mdomo.

Nikamwendea Vene. Nikataka kumuuliza, na kila nikifungua mdomo linatoka tumba la kitunguu saumu. Nikatema tumba, likaja lingine. Texas anavuta kamba taratibu, bila ubaya, kama mtu anayetimiza alichoambiwa. Vene ameweka kwato chini, shingo imenyooka, ananitazama. Kisha akasema, kwa sauti ile ile anayoniambia chumvi imeisha:

"Bibi, kamba inabana."

Nikashika fundo. Lilikuwa limelowa jasho, limevimba, kucha haziingii. Nikaling'ata. Nina meno machache lakini niliyobaki nayo ni ya kazi. Nikatafuna ile katani huku Texas ananiambia pole mama, na Florida ananionyesha mamba wake anisaidie, na Safari anazimika polepole, na fundo linalegea, linalegea.

Nikaamka.

Kumepambazuka. Kitanda cha Vene kimetandikwa. Mdomo wangu una ladha ya vumbi, na kuna kitu kimenasa katikati ya jino na jino, upande wa kushoto. Nikakivuta. Uzi wa katani, mrefu kama kidole. Jana usiku nilikula ugali na mlenda, na wala simfahamu mtu anayepika mlenda na kamba.

Nikajifunga kanga, nikaenda jikoni.

Vene alikuwa anakoroga uji. Ametoka kukimbia, mabegani anafuka mvuke kwa baridi yetu hii. Alinipa shikamoo, na katika kuinama nikamwona anajisugua shingo. Nikamuuliza ana nini. Akasema hajui, ameamka inamuuma, labda amelala vibaya. Nikamsogeza mwangani. Chini ya sikio palikuwa na mstari mwekundu mwembamba, kama wa mtu aliyevaa shanga za kumbana. Vene havai shanga.

Safari alikuwa mlangoni kwenye kigoda, simu mkononi, ameshaandika kila kitu, amebakiza kubonyeza. Akaniambia, "Mama, natuma Texas, baraka zako."

Nikamwambia asibonyeze.

Akasema muda umekwisha, tumelinganisha wiki nzima, kodi, pango, nauli, bima, hata bei ya mayai. Nikamwambia ndiyo, tumeangalia nyasi na tumeonja maji, mimi mwenyewe nimeangalia, lakini kuna mmoja hatujamuuliza, na halafu hiyo simu aliyoshika inazima. Akaitazama. Chaji ilikuwa nyekundu. Akanitazama mimi, akashusha kidole.

Nikavuta kigoda kingine, nikakaa mbele ya jiko, macho yangu yakawa sawa na ya Vene. Nilisubiri kwanza nione kama litatoka tumba la kitunguu. Halikutoka.

"Mama," nikamwambia, maana ndivyo ninavyomwita ninapomheshimu, "usiniambie tutakavyoona. Sisi tumeshaona mpaka macho yanauma. Wewe unataka kwenda kwa nani?"

Akaendelea kukoroga. Uji ulikuwa umeshaiva, ulikuwa unapiga mapovu makubwa ya kuungua, na bado anakoroga. Akamtazama baba yake mdogo, akatazama mlango wa chumba chetu, akautoa mwiko.

"California, Bibi," alisema. "Wakate wanachokata. Mimi sijawahi kulala chumba ambacho hakuna mtu anayekoroma."