Shamba la Njaa

Mahindi yalikuwa ya kijani. Mtu mwingine angemshukuru Mungu; mtafiti alishika nguzo ya ua. Siku tisa tu alizokwenda mkutanoni! Aliyaacha karibu yote yamepauka, majani ya chini ya manjano, amerudi yamenawiri kama bustani ya harusi.

Misimu sita alikuwa akiinyima ardhi ile mbolea makusudi, akiondoa hadi mabua ili udongo uishiwe kabisa. Kati ya aina sitini za mbegu alizozizalisha kwa mkono wake, alitaka kujua ni ipi iliyorithi vinasaba vya kushiba kwa kidogo. Huu ulikuwa msimu wa mwisho. Baada ya wiki mbili kamati ingekuja kukagua, na pasipo matokeo mradi ungefungwa.

Juu ya jiwe aliona kifuniko cha chupa ya soda, kimegandwa na chembe nyeupe za mbolea. Akajua.

Mama mkwe wake, aliyekuja kukaa nao tangu mwezi uliopita, alikuwa mlangoni akichambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeliona shamba lako?"

"Nimeliona. Nani kaweka mbolea?"

"Nani tena kama si mimi? Kifuniko kimoja kila shina, mgongo wangu ndio shahidi. Wapita njia walikuwa wanacheka, eti mkwe wangu daktari wa mbegu, mahindi yake yana utapiamlo. Nikaona aibu mie!"

Loo! Angekuwa mumewe, angempasha mpaka masikio yamuwashe. Angekuwa kibarua, angefungasha virago jioni hiyo hiyo. Lakini mama mkwe hafokewi. Aliyameza maneno.

"Mama, yale yalitakiwa yakae na njaa."

"Na mbolea imejaa stoo?"

"Ndiyo, mama."

"Makubwa haya! Ndiyo elimu yenyewe?"

Akatoa ramani ya shamba mkobani, aanze kuandika taarifa ya msiba wake. Alikuwa karibu kulia.

"Uliweka mistari yote?"

"Yote, isipokuwa mitatu. Mmoja karibu na bomba, mmoja katikati, mmoja kule uani."

"Mbolea ilikuishia?"

"Iniishie kwa lipi? Ile ilikuwa kijani yenyewe. Aliyeshiba utamlisha ili iweje?"

Mtafiti akainamia ramani. Kila aina ya mbegu ilikuwa na namba yake, imepandwa mistari mitatu, mahali tofauti, na shambani hapakuwa na kibao hata kimoja cha kuitambulisha. Kidole kikatua karibu na bomba: thelathini na moja. Katikati: thelathini na moja. Uani akahesabu mara mbili, maana hakuyaamini macho yake. Thelathini na moja.

Udongo ulikuwa umeharibika vilevile. Kuukondesha upya kungekula miaka, na kamati gani ingepokea ushahidi wa mama mkwe na kifuniko cha soda? Wangecheka. Au wangeomba waonyeshwe ile mistari mitatu. Hasira ilikuwa bado ipo, ila sasa hakujua aielekeze wapi.

Mama mkwe aliacha kuchambua. Alimtazama usoni, halafu mikononi, kwa jicho lile lile lililopita shambani mstari kwa mstari.

"Na wewe umepauka. Umekula leo?"

Alitaka kusema ameshiba.

"Sijala, mama," alisema, akaketi.