Jina la Chiriku Kwenye Ruta

Fundi cherehani alijua kufunga vifungo, zipu na midomo ya wateja wabishi. Kufunga intaneti alifundishwa na mama wa mapacha, mteja wake wa siku nyingi, huku akipimwa gauni: unaingia kwenye ruta, kile kisanduku cha intaneti, kwa simu yako, unaona kila kifaa kilichounganishwa humu ndani, unagusa cha mtoto, basi. "Wangu siku hizi wanasoma mpaka naogopa, shoga yangu."

Fundi akaingia. Akakuta simu yake, kitu kingine chenye msururu wa herufi na tarakimu alichokidhania televisheni, na kimoja kimeandikwa Chiriku. Chiriku ni bintiye, kaitwa hivyo kwa domo lake lisilojua kupumzika, na mtihani ulikuwa unabisha hodi. Kumbe kila alasiri, mtoto eti kajifungia anasoma, Chiriku yuko hewani! "Utanitambua leo," fundi akasema, akagusa. Raha aliyoisikia!

Jamani, mtu kabla ya kufunga mlango si uangalie kwanza nani yuko ndani? Simu ile ilikuwa ya zamani. Binti alipopata mpya alimpa bibi yake, mama mzazi wa fundi, aliyelala chumba cha nyuma. Fundi mwenyewe alikuwepo, akapiga na makofi. Jina tu ndilo halikubadilishwa.

Bibi alikuwa na kazi moja na simu hiyo. Dada yake mkubwa, aliyeishi mbali kwa bintiye, alikuwa ameanza kusahau watu. Daktari alisema nyuso anazozipenda azione kila siku, zisikatike. Basi kila alasiri ndugu hao walitazamana kwenye kioo, wakachekana mapengo, na mkubwa akamjua mdogo.

Simu ilipogoma, bibi alijikongoja hadi kwenye cherehani. "Mwanangu, hii haishiki. Hebu niangalizie."

"Mtandao tu huo, mama. Utarudi wenyewe," fundi akajibu bila kuinua macho kwenye pindo.

Fundi huyu huyu, ambaye kutwa humwimbia Chiriku kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu! Bibi hakuuliza tena, maana hakuna alichokiogopa kama kuwa mzigo. Huko kwa dada nako walidhani bibi amechoka kuulizwa swali lile lile kila siku. Wiki zikapita, bibi kakaa kitandani na simu mapajani, na fundi akimwona akasema moyoni ni uzee.

Siku moja fundi akashindwa kujizuia. "Haya Chiriku, unaonaje maisha bila intaneti? Si umetulia?"

Chiriku akamkodolea macho. "Bila intaneti kivipi, mama? Mbona yangu inashika?"

"Na ile yenye jina lako?"

"Si ya bibi!"

Fundi akanyakua simu yake, akaingia tena kwenye ruta. Akaifungua ile ya bibi pale pale, akakimbilia chumba cha nyuma.

"Imeshika!" bibi akashangilia. "Mungu akubariki, mwanangu, nilijua utaitengeneza." Shukrani ile ilimchoma kuliko tusi. Angesema hapo hapo. Badala yake akamsaidia kumpigia dada yake, Mungu amsamehe.

Kwenye kioo akatokea mama mkubwa, amekonda. Bibi akampungia. "Dada! Ni mimi!"

Mama mkubwa akamtazama kwa adabu ya kumtazamia mgeni. "Karibu, mama. Wewe nani?"

"Mdogo wako."

"Aa, mdogo wangu alikuwa ananipigia kila siku. Akaacha tu. Sijui nilimkosea nini."

Bibi akamgeukia fundi. "Mwambie mtandao ulikuwa mbovu. Mwambie sikuacha."

"Haukuwa mbovu, mama." Fundi alikuwa ameshapiga magoti. "Niliifunga mimi. Nilidhani ni simu ya mtoto. Na ulipokuja kuniambia, sikukusikiliza."

Bibi hakufoka. Afadhali angefoka. Akampa simu. "Basi mwambie yeye."

Fundi akaishika kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama mkubwa." Akaeleza yote, ruta, jina, kidole chake mwenyewe, machozi yakimdondoka kwenye kioo. Mama mkubwa akamsikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa kila palipostahili.

"Pole, mwanangu, usilie," akasema. "Na mdogo wangu, atapiga lini?"